Unarudi Lini?

Nilishuka kwenye basi Pangani mwezi wa Oktoba 2019, alasiri, vumbi la njia ya Kigombe limenikaa hadi kwenye kope. Nilikuwa nimetoka Maskati juzi yake. Nikalala Dar es Salaam kwa binamu yangu, nikadamka kuwahi gari la Tanga: Chalinze, Segera, Muheza, kisha zile kilomita kama 50 za mwisho ambazo wakati huo zilikuwa udongo mtupu. Nilikuwa sijaikanyaga Pangani kwa miaka 13.

Pale stendi alikuwapo mzee wa kahawa ninayemkumbuka tangu niko darasa la pili, na birika lake lile lile.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akakaza macho. "We si mtoto wa mwalimu, wewe? Yule mkubwa? Aa, karibu, karibu sana. Umekuja lini?"

"Ndiyo nashuka hivi."

"Alhamdulillahi. Na unarudi lini?"

Nilikosa la kujibu. Njia nzima nilikuwa na neno moja tu moyoni, narudi, narudi, na mtu wa kwanza kunisemesha kwetu akalichukua neno lile lile akaligeuza lielekee kule nilikotoka. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Miezi iliyofuata nililisikia swali hilo sokoni, kivukoni nikivuka kwenda Bweni, kwenye maulidi, kwenye misiba, tena kwa watu wanaonipenda. Umekuja lini, unarudi lini. Anayeulizwa hivyo ni mgeni. Mwenyeji haambiwi amekuja.

Nyumbani nilipokewa kwa vigelegele. Mama alikuwa amekaa barazani, upande wake wa kushoto umepooza tangu 2016, akanishika kichwa kwa mkono wa kulia akakaa nacho hivyo bila kusema. Mdogo wangu aliyaacha mashono yake akaingia jikoni. Usiku chakula kikaja: wali wa nazi na samaki wa kupaka. Changu kililetwa kwenye sahani ya udongo yenye maua ya bluu, zile sahani ambazo tangu utoto wetu hukaa kabatini nyuma ya kioo na hutolewa akija mkwe au shehe. Mama akala kwenye sahani yake ya bati iliyobanduka rangi ukingoni. Mdogo wangu akala ukoko kwenye sufuria, kama alivyozoea akiwa amechoka. Kesho yake nikaletewa maua ya bluu, na wiki ya pili maua ya bluu. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilipewa mto wa kuegemea.

Nikiingia jikoni sijui chumvi inakaa wapi. Nikiuliza, mdogo wangu anainuka kwenye cherehani analeta mwenyewe, ananiambia, "Pumzika, dada." Lilikuwa ni pendo, najua. Lakini kila alipoinuka nilijiona nasogezwa hatua moja nyuma, kuelekea stendi.

Nimefikiri sana juu ya mambo ya kurudi, na nimeyafikiri kwa msaada wa vitabu, kwa hiyo niseme kidogo vilikotoka. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake, juu ya vyeti na stakabadhi za kodi, kulikuwa na vitabu ambavyo tuliruhusiwa kuvisoma mikono ikiwa imenawa. Vya Shaaban Robert vilikuwa juu kabisa. Baba alimwona mtu wa nyumbani: kazaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, na akaitumikia forodha hapa hapa Pangani. Nilikisoma Kusadikika nikiwa na miaka 13 hivi, nikakipenda kwa ile nchi yake inayoelea hewani. Kilichonipita wakati ule ndicho kilichonirudia nikiwa mtu mzima. Karama, akijitetea mbele ya mfalme, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kwenda nchi za mbali kutafuta mema ya kuwafaa watu wao. Walikwenda, wakataabika, wakarudi na walichokiona, na malipo yao yakawa jela. Baba alikuwa akisema kwamba shida ya wajumbe wale haikuwa safari. Safari waliiweza. Shida ilikuwa mlango wa kurudia.

Sisi watu wa pwani tulipaswa kulijua jambo hili kuliko wengine, maana kurudi kumo kwenye upepo wetu. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ndiyo iliyokuwa ikivileta vyombo kutoka Arabuni na Ghuba. Kisha inageuka, kusi inashika, na vyombo vile vile vinapewa upepo wa kwenda kwao. Nahodha aliyekawia bandarini akaikosa kusi alikuwa amejifunga mwaka mzima. Wengine walikawia kwa makusudi, wakaoa, na ukiziuliza koo nyingi za Pangani babu wa nne alifikaje hapa, utaambiwa alikuja na chombo. Bila shaka naye alikuwa akiulizwa, unarudi lini.

Niliondoka mwaka 2006, kwenda Omani kufanya kazi za nyumbani. Nyumba ya kwanza niliyofikia sitaisemea mengi. Walinichukulia pasi, wakanilaza jikoni, na baada ya miezi minane nikapata njia ya kutoka. Nyumba ya pili ndiyo niliyokaa hadi mwisho. Walikuwa wakitafuta mtu anayejua Kiswahili wa kumtunza bibi yao.

Bibi huyo alizaliwa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa zake walitawanyika, yeye akawa Dar es Salaam na mumewe, na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Sultan Qaboos akiwa ameshashika nchi na kuwaita Waomani walio nje warejee, wakafunga mizigo. Wakaambiwa wanarudi kwao. Bibi alikuwa hajaiona Omani hata siku moja. Kiarabu alichokuwa nacho kilikuwa cha kusalia. Alinisimulia alivyoshuka kwenye ndege, jua limewaka, milima imesimama mitupu bila jani, na shangazi wa mumewe akamkumbatia akilia kwa furaha, akimwambia maneno ambayo yeye hakuelewa hata moja.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi nimerudishwa nisikotoka."

Wapo wengi kama yeye kule. Unaingia duka Ruwi, pale Maskati, unasikia nyuma yako mwanamke amevaa abaya anamgombeza mtoto kwa Kiswahili cha Ng'ambo ya Unguja, kitamu kuliko chetu. Watoto wao ni Waomani kamili na hawana jingine. Lakini wale waliofika wakubwa, neno "kwetu" likiwatoka, inabidi usubiri sentensi iishe ndipo ujue wanasemea wapi.

Bibi alikuwa na swali lake la kila asubuhi, kabla ya chai, kabla hata sijafungua pazia. "Maji yametoka?" Nyumba ilikuwa Al Khoud, bahari haionekani. Mwanzoni nilimjibu sijui, bibi. Baadaye, kwa kuwa nami nimekua kwenye maji yanayojaa na kupwa, nikaanza kuhesabu mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya kwetu hutoka asubuhi na hufika mwisho wake karibu saa nne. Basi siku hizo nikamjibu, "Yanatoka, bibi. Leo bamvua, mpaka saa nne yatakuwa yamekwenda mbali." Akatulia. Siku za maji mafu nikamwambia ni mafu, hayaendi popote. Miaka kumi na zaidi tulikaa chumba kimoja chenye kiyoyozi, tukiitazama pwani isiyokuwapo.

Mjukuu wake alikuwa na kitabu cha shule, hadithi za Wayunani zilizofupishwa kwa Kiingereza. Nilikisoma usiku na kamusi pembeni. Humo ndimo nilimokutana na Odysseus, aliyepigana Troy miaka kumi na kuhangaika baharini miaka mingine kumi kabla ya kufika kwao Ithaca. Watu wakiisimulia habari yake husimulia mazimwi na dhoruba. Mimi niliyekuwa nikiosha miguu ya mtu kila jioni nilisimama mahali pengine kabisa. Odysseus amefika nyumbani kwake amevaa matambara, karibu hakuna anayemjua, na yaya aliyemlea, Eurycleia, anaambiwa amwoshe miguu huyu mgeni maskini. Mkono wake unapita juu ya kovu alilolipata ujanani kwa pembe ya nguruwe mwitu. Mguu unamponyoka, unagonga beseni, maji yanamwagika sakafuni. Na hata mkewe Penelope, baada ya yote, hampokei kwa kuwa tu amefika. Anamtega kwa habari ya kitanda, kitanda kilichochongwa kwenye mti wa mzeituni uliosimama na mizizi yake, siri ambayo mgeni hawezi kuijua.

Nililisoma lile la beseni mara nyingi. Nikaona kwamba muda wote ule wa bahari Odysseus alikuwa akisafiri tu. Waliomrudisha ni wale waliobaki: mbwa wake mzee aliyemtambua, yaya, mke. Bila mikono yao angebaki kuwa ombaomba aliyefika mji fulani.

Baba alifariki mwaka 2011. Mdogo wangu alinipigia alfajiri, akaanza na ile kauli tunayoisema sote, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na Kwake tutarejea, na kabla hajamaliza nilikuwa nimeshajua. Alasiri ile ile alizikwa. Kwa desturi yetu maiti hangojei ndege. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kwenye chumba cha kufulia na simu sikioni, nikasikia vishindo vya watu uani kwetu, nikasikia jeneza likinyanyuliwa na shahada ikienda ikipungua hadi ikapotea, na mdogo wangu akasema, "Wameshatoka, dada," simu ikakata kwa kuisha salio.

Nilikuwa nikituma pesa, na nilikuwa nikituma nguo. Baibui, kanzu ya kulalia, mitandio, vyote nimevifukiza udi kabla ya kuvikunja, kwa kuwa mama anapenda. Nilipokaa tena nyumbani ndipo mdogo wangu aliponiambia kwamba mama alikuwa hazivai hadi harufu iishe. Anaziweka kwenye mfuko wa nailoni, anaufunga, siku moja moja anaufungua ananusa, anaufunga tena. Nilikumbuka kisa cha Nabii Yusuf alichokuwa akitusimulia baba, jinsi Nabii Yaakub alivyoisikia harufu ya mwanawe ingali mbali, kabla nguo haijafika, na waliokuwa naye wakamwona amepotewa na akili. Nami huku Maskati nilikuwa nikijiuliza kwa nini mama haniambii kama baibui limemkaa vizuri.

Nafika sasa kwenye siku ninayoitaka.

Ilikuwa Desemba, mwezi wa tatu tangu nishuke stendi. Mdogo wangu alikuwa na nguo za harusi za kumaliza, magauni saba ya rangi moja, nikamwambia leo mama namwogesha mimi. Ndiyo kazi yangu, nilisema, nimeifanya miaka yote hii. Nikapanga kila kitu uani nyuma ya pazia: beseni la maji ya sabuni, beseni la kusuuzia, taulo tatu, dodoki jipya. Nikatoa kwenye sanduku langu boksi la glavu nililokuja nalo, nikavaa. Nikaanza usoni, nikashuka shingoni, mkono mzima, mkono uliopooza, kwa utaratibu, juu kwenda chini, upande mmoja ukimalizika naufunika taulo asipigwe na upepo. Nilikuwa nikiifanya kwa moyo wote. Mama hakusema kitu. Nilipomgeuza ubavu akautazama ukuta.

Mdogo wangu alitokea kwenye pazia na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye khanga yake.

"Dada, vua hayo."

"Nini?"

"Hayo mapira. Yavue."

"Ni usafi, mdogo wangu, hata hospitali..."

"Mama si mgonjwa wako wa Maskati." Hakupandisha sauti, mdogo wangu hajui kupiga kelele. "Toka umekuja unatukagua. Chumvi umeipima. Dawa umezihesabu. Choo umekisemea kwa majirani. Nimenyamaza kwa sababu we ni mkubwa wangu. Lakini mama nimemwosha kwa mikono hii toka alipoanguka. Baba nimemfumba macho kwa mikono hii. Wewe uje umshike mama yako kwa mapira, ageukie ukutani, mimi nitazame? Yavue."

Niliyavua. Vidole vilikuwa vimelowa kwa jasho la ndani, vimekunjamana, na vumbi jeupe la mpira limeganda kwenye kucha. Nikavichovya kwenye maji. Nikamshika mama mgongo kwa kiganja kitupu, na ngozi yake ilikuwa laini na imelegea kuliko nilivyotarajia, ya moto, na nikagundua kwamba tangu nifike nilikuwa sijamgusa mgongo. Machozi yalikuwa yananitoka, sikuyafuta, mikono ilikuwa na sabuni. Mdogo wangu akabaki pale pale ameshika pazia hadi nilipomaliza.

Mama aligeuza uso wake taratibu kutoka ukutani. "Maji yenyewe yameshapoa haya," akasema. "Mnaniogesha au mnabishana?"

Usiku ule chakula changu kilikuja kwenye sahani ya bati. Sijui kama mdogo wangu alikusudia. Sijamuuliza mpaka leo.

Kiswahili kina kitenzi hicho hicho cha kurudi kwa kazi nyingine: kumrudi mtoto, kumkanya, kumtia adabu. Nimekisikia tangu kuzaliwa kwangu na sikuwahi kuviweka pamoja. Mgeni harudiwi. Mgeni akikosea tunatabasamu, tunamwongezea mchuzi, tunasubiri aondoke ndipo tuseme. Miezi miwili na siku kadhaa nilikuwa nimetabasamiwa. Siku mdogo wangu aliponirudi, tena mimi ni mkubwa wake, ndipo nilipokuwa na mahali pa kusimama katika nyumba ile.

Kichwamaji cha Kezilahabi kilikuwamo pia sandukuni mwa baba, na wiki ile nilikitoa nikakisoma upya. Kilitoka mwaka 1974. Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, anarudi kwao, na tunakutana naye kwanza akisubiri kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, rafiki yake wa utoto, Manase, ambaye sasa lazima umngojee. Ni kitabu kizito, na kinaishia kwa Kazimoto kujiua. Nilipokisoma nikiwa msichana nilimwonea huruma nikaona kijiji ndicho kibaya. Safari hii niliona jambo la macho yake. Kazimoto anamtazama kila mtu wa kwao, baba yake, mama yake, majirani, kama mtu aliyekaa juu ya mti akiwatazama wapitao chini. Anaona sawasawa, mengi anayoyasema ni kweli. Na mimi niliona sawasawa: chumvi ilikuwa nyingi, choo kilikuwa kibovu. Lakini nilikuwa juu ya mti, nimevaa glavu.

Kuna jambo jingine ambalo lilichukua muda zaidi kutoka, na hili lilitoka kidogo kidogo barazani, kwenye cherehani. Wenzangu Wakristo shuleni walikuwa wakisoma habari ya mwana mpotevu katika Injili ya Luka, na kila mtu hukumbuka pete, viatu na ndama aliyenona. Mimi siku hizi namfikiria kaka yake. Anatoka shambani, anasikia ngoma na kuchezwa, anamuuliza mtumishi kuna nini, anagoma kuingia. Hakuchinjiwa hata mwana-mbuzi. Baba yake anatoka nje kumbembeleza, na hadithi inaishia hapo mlangoni. Hatuambiwi kama aliingia.

Mdogo wangu mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya baba, alipata nafasi ya kusomea ushonaji chuo kimoja Tanga, bweni na kila kitu. Hakwenda. Mama alikuwa bado anatembea, lakini usiku alikuwa haamki peke yake, hofu ya mjane. Mwaka huo mimi nilituma pesa za bati la nyumba, na nakumbuka nilivyojisikia: kwamba nimewasitiri. Hakuna aliyeniambia habari ya chuo. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alikuwa amepindia pindo la gauni, mguu ukikanyaga, akasema bila kuinua kichwa, "Ningekwambia halafu ufanye nini, dada? Urudi?"

Sikupata usingizi usiku huo.

Basi tukapanga. Mimi nikachukua usiku wa mama, na chumvi, na kuni, na kliniki. Yeye, kwa mara ya kwanza tangu baba afe, akaanza kutoka. Alianza na Tanga, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kisha siku nne Dar es Salaam, kununua vitambaa Kariakoo kwa bei ya jumla. Siku ya nne ile nilijua ninachokijua sasa juu ya kungoja. Kila gari likipiga honi nachungulia. Nimepika tangu saa tano. Mama ananiuliza kila baada ya muda, "Hajafika?" kama vile mimi ndiye ninayeendesha basi. Alipoingia, amechoka, robota kichwani, nilimpakulia nikamletea. Akaitazama sahani.

"Dada, haya maua ya nini? Niletee sahani yangu."

Tukacheka hadi mama akatuuliza kuna nini.

Siku iliyofuata akafungua robota, akanirushia kipande cha pamba ya kijani. "Kiloweke hicho usiku kucha, kesho ukianike. Kinarudi." Hivyo ndivyo mafundi wanavyosema kwa kitambaa kinachonywea: kinarudi. Ukikikata kikavu, nguo inamkaa mtu vizuri siku ya kwanza, ikifuliwa tu inambana kwapani. Ndiyo kazi niliyo nayo hadi leo pale barazani. Nashika mabeseni yale yale mawili, nalowesha pamba, naianika uani kwenye kamba, na ikikauka naipima: pamba ya dera ya mita nne inakuwa imepungua shubiri nzima. Nimekaa nayo mkononi mara nyingi nikijifikiria mimi mwenyewe, ukubwa niliokuja nao kwenye lile basi.

Sanduku langu, niseme kweli, lilikaa chini ya kitanda bila kufunguliwa lote hadi katikati ya 2020. Kibali cha Omani kilikuwa bado hai, na ndani ya sanduku kulikuwa na nguo ambazo nilikuwa nimejiwekea bila kujiambia ni za nini. Kibali kilikufa chenyewe wakati ndege zimesimama. Nikazitoa nguo, nikampa mdogo wangu azipunguze.

Yapo yasiyorudi. Mwaka 2023 mdogo wangu aliniletea kutoka Dar es Salaam kitabu cha Abdulrazak Gurnah kilichotafsiriwa, Peponi. Gurnah mwenyewe aliondoka Zanzibar akiwa kijana miaka ya 1960, na hakuweza kukanyaga tena hadi 1984, akamuwahi baba yake muda mfupi kabla hajafa. Mimi wangu sikumuwahi. Katika Peponi, Yusuf ana miaka 12 anapopandishwa treni na mtu anayeambiwa ni ami yake, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba. Kurasa zote nilingoja arudi kwao. Nilipofika mwisho nikakiweka kitabu kwenye sanduku la bati, juu, pamoja na vile vingine, nikaenda makaburini kwa baba. Nyasi zilikuwa ndefu. Nilizing'oa kwa mkono.

Bibi wa Al Khoud nilikuwa nikimpigia kila bamvua. Nilimuahidi siku ya kuagana: nikifika nitakuwa nakwambia kweli, si kwa kuhesabu. Basi nilikuwa nashuka hadi ufukweni, nasimama pale mto unapokutana na bahari, napiga. Sauti yake ilizidi kuwa ndogo mwaka hadi mwaka. Kuna siku alinijua, kuna siku alinichukulia kuwa dada yake aliyebaki Malindi ya Unguja, sikumsahihisha. Mara ya mwisho ilikuwa asubuhi, kiasi cha saa tatu na nusu, mchanga umeachwa wazi mpaka mbali, unang'aa.

"Maji?" akauliza. Hakuwa na pumzi ya swali zima.

"Yametoka, bibi. Yamekwenda mbali kabisa. Wanawake wameshuka kutanda uduvi."

Nikamsikia akipumua. Nikadhani amelala.

"Sasa we umesimama na simu?" akasema. "Shuka, mwanangu. Yatarudi sasa hivi hayo."